Kuifundisha Mashine Kuongea Kama Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alitangaza habari za koo lake sebuleni, nami nikiwa kwenye kiti cha karibu na mlango, nasikia kila neno. Lakini hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia mkewe. "Mwambie mke wa kijana," akasema, kwa ile sauti iliyokuwa imeanza kukwaruza tangu tulipopanda mahindi, "daktari amesema kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Baada ya hapo sitaongea tena." Mama mkwe akageuka, akanitazama, akasema, "Baba anasema madaktari wako na matumaini."

Nikajibu kwamba nashukuru kusikia. Ningesema nini?

Kwa asiyejua mambo yetu ya Shinyalu, nieleze kidogo. Mimi na baba mkwe tunaheshimiana, na heshima hiyo ina mipaka kama shamba. Hatupeani mkono. Sikai kwenye kiti chake, siingii chumba chake cha kulala, wala hatuli meza moja. Salamu zetu ni za mbali, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Najua wako watu mjini walioacha haya, wanakumbatiana na baba wakwe zao nje ya kanisa mchana kweupe, na siwalaumu. Kwetu bado. Sasa niambie, koo ni nini kama si mwili? Mzee wa watu alilazimika kulitaja koo lake mbele ya mke wa mtoto wake, na nilimwona wazi kwamba anaona haya kuliko anavyoogopa kisu.

Mume wangu ni muuguzi Lodwar, na huko likizo hazitoki kirahisi. Watoto wako shule za bweni. Kwa hiyo boma lilikuwa la watu watatu: Baba, mwalimu mstaafu wa jiografia, Mama, ambaye ndiye mwenye kila kitu kuanzia kuku mpaka maneno, na mimi, ninayetengeneza kompyuta kwenye kibanda changu Kakamega mjini na kurudi nyumbani jioni kwa pikipiki.

Jioni ile nilimkuta Mama jikoni. Jikoni kwetu ni kijumba cha peke yake, nyuma ya nyumba kubwa, na ndiko mimi na yeye tunakoongea mambo ya kweli. Alikuwa anachambua mrenda. Nikamwambia nimesikia alichosema Baba, asinifiche. Hakukana.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijali akikonda. Sijali hata akitoka huko na shimo shingoni. Mimi naogopa nyumba kunyamaza. Huyu mtu tunagombananga kila siku tangu anioe. Akinyamaza, mimi nitagombana na nani?"

Hakuwa anatania. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mboga, na nilimwonea huruma mpaka nikashikwa na hasira, hasira ya kutojua nimkasirikie nani.

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu sokoni anajua, lakini zina faida moja: zinanipeleka kazini. Na kazi yangu ni hii. Watu wa huku wananunua laptopu za mitumba, zimezeeka, zimelemewa na programu nzito hata kufungua barua ni safari. Wananiletea wakiwa wamekata tamaa. Mimi nafuta kila kitu, naweka Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta usio na bei, na mashine inaamka. Kijana mmoja wa chuo aliwahi kuniuliza, "Siz, hii si ni ya ma-hacker?" Nikamwambia ni ya watu maskini na watu werevu, achague mwenyewe anaingilia mlango gani.

Ninachopenda si kwamba haina bei. Kuna vitu vingi vya bure ambavyo nisingevigusa kwa mti. Ninachopenda ni kwamba iko wazi. Programu ikikuudhi, unaifungua, unaangalia ndani, unaona mtu alivyofikiri. Ukiweza unarekebisha, na hakuna wa kukuuliza umetumwa na nani. Mama hajawahi kukubali maelezo hayo. "Kitu cha bure kina mwenyewe," alikuwa akiniambia. "Iko siku atakuja kukichukua."

Basi nikapata wazo, na lilikuwa wazo zuri. Kabla ya upasuaji, turekodi sauti ya Baba. Nina programu iitwayo Audacity. Unarekodi, unaona sauti yenyewe imechorwa kwenye skrini ikipanda na kushuka, unakata usichotaka. Tungerekodi sentensi zake za kila siku, kila moja niifungie kwenye kitufe chake, na akitoka hospitali awe anabonyeza, na sauti yake inatoka. Mume wangu kwa simu akasema ni jambo la maana sana. Mama akasema afadhali hiyo kuliko kukaa tu.

Shida ikawa nani ataketi na Baba amshikie maikrofoni. Kurekodi mtu ni kazi ya karibu. Lazima usikie anavyovuta pumzi, umwambie fungua mdomo zaidi, rudia, meza mate kwanza. Nikimwambia baba mkwe wangu ameze mate, si ni mimi nitahama hiyo boma? Mama naye kompyuta haigusi.

Lakini Linux imetengenezwa na watu wasiopenda kuinuka walipokaa. Kuna kitu kinaitwa SSH: ukiwa kwenye kompyuta yako unaingia kwenye kompyuta nyingine kwa kuandika amri tu, na kuna vingine vya kukuonyesha hata skrini ya huko. Niliweka laptopu moja kuukuu kwenye meza ya sebuleni mbele ya Baba, maikrofoni ikiwa imesimamishwa kwenye kikombe cha mchele. Yangu nikaiweka jikoni, juu ya meza ya kukatia mboga. Katikati nikaweka kile kisanduku kidogo cha mtandao kutoka kibandani kwangu. Hivyo nikafanya kazi na Baba bega kwa bega, ukuta na uwanja vikiwa kati yetu, na heshima ikabaki mahali pake. Sijui walioandika SSH walikuwa na shida gani, lakini hawakuwaza kwamba itamsaidia mke wa mtu Shinyalu kumkwepa baba mkwe wake. Mshale ulipoanza kutembea wenyewe kwenye skrini ya sebuleni, Mama alitoka akaenda kukaa barazani, akasema atarudi hicho kitu kikishatulia.

Nilikuwa nimeandika sentensi za kumfaa mgonjwa: naomba maji, dawa iko wapi, nasikia baridi. Baba alizisoma kwenye skrini, akamwita Mama arudi ndani, na kupitia maikrofoni nikamsikia akimtuma. "Mwambie mke wa kijana mimi si mgonjwa wa wodi." Akaongeza zake mwenyewe. Karibu ndani. Nani ameacha lango wazi? Hizo mbuzi zimeingia kwa nani? Akaweka na sala ya chakula. Hilo nilifurahia, maana ndiyo maisha yake hasa.

Kisha akaanza kurekodi. Nilivaa vipokea sauti masikioni jikoni, nikasikia kitu kikikohoa, kiti kikisogezwa, na halafu: "Mabibi na mabwana, hamjambo. Tena hamjambo. Naomba maji."

Nilifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mtu wa kwetu ukimpa maikrofoni, si yeye tena. Maikrofoni tunaijua kwa matanga, kwa kanisa na kwa baraza la chifu, na huko huwezi kuinuka ukaongea kama unavyoongea nyumbani; watu watasema hukulelewa. Baba alikuwa amesimama. Mama alipita jikoni akaninong'oneza kwamba amevaa na koti. Kila sentensi aliitoa kwa ile sauti ya kumuaga marehemu, nzito, ya polepole, kila neno limenyooshwa. "Nani," akatulia, "ameacha," akatulia, "lango wazi?" Mbuzi mwenyewe angeinamisha kichwa.

Na kati ya sentensi moja na nyingine hakusema lolote. Daktari alikuwa amemwambia aipumzishe sauti, naye ni mtu wa kufuata maagizo, kwa hiyo alionyesha kwa mikono tu, nami sikupata hata neno moja la sauti yake ya nyumbani la kurekodi.

Nikamwita Mama jikoni. "Mwambie asisimame," nikasema. "Avue koti. Aongee vile anaongeanga na wewe." Mama akakubali, akavuka uwanja. Nami nikiwa bado na vipokea sauti masikioni, nikamsikia akiingia sebuleni na kusema kwa sauti tamu kabisa, "Mtoto anasema ni safi sana, Baba. Endelea hivyo hivyo."

Aliporudi nilimuuliza, Mama, si nimesikia ulichosema? "Mtu anaenda kukatwa koo," akasema, "mimi nimwambie hajui kuongea?" Ningekuwa na moyo gani wa kumlaumu? Nikarudi kwenye skrini, nikazikata zile hamjambo zote, nikazihifadhi zilizobaki.

Upasuaji ulifanyika Eldoret na ulienda vizuri. Walitoa walichoenda kutoa. Baba alirudi nyumbani akipumulia shingoni, amefunga kitambaa cheupe ambacho Mama alikifua na kukipiga pasi kila asubuhi. Daktari alisema kuna kifaa cha kuwekwa shingoni kinachoweza kusaidia mtu kuongea, ila kwanza kidonda kipone, ndipo waangalie. Sisi tukasema si neno, sauti yake tunayo kwenye kompyuta.

Asubuhi ya kwanza alikaa mezani, akabonyeza kitufe. "Naomba maji," nyumba ikasema, kwa sauti ile ya matanga. Mama akaleta maji. Baba akabonyeza kingine. "Karibu ndani." Nilikuwa jikoni nikiwasha moto kabla ya kwenda kazini, nikamwona Mama akija kwa haraka, glasi bado mkononi.

"Mwanangu, zima hiyo kitu."

Nikamuuliza imeharibika?

"Sauti ya mtu ikitoka kwa spika na mdomo wake umefunga," akasema, "huyo mtu ni maiti. Hivyo ndivyo tunavyosikianga kwa matanga, wanaweka video yake akiongea na yeye amelala hapo mbele. Mimi mume wangu yuko hai."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilipotazama skrini ya sebuleni kutoka kwangu niliona Baba ameshafunga programu yenyewe. Alikuwa ameuona uso wa mkewe alipotoka. Hakuibonyeza tena.

Na nyumba ikanyamaza, vile vile Mama alivyoogopa. Sijui kama nitaweza kueleza. Kulikuwa na jogoo, kulikuwa na redio ya jirani, lakini ndani ya nyumba kubwa hapakuwa na kitu. Tulimnunulia daftari na kalamu. Lakini Mama ni mtu wa kuongea akiwa na kazi mkononi. Utamwonyeshaje karatasi mtu aliyeinamia sufuria, macho yake yenyewe yana ukungu? Baba aliandika, akangoja, akagonga meza, Mama akaja akapangusa mikono, akatafuta miwani, na alipomaliza kusoma hasira ya neno lile ilikuwa imeshapoa. Simu za kugusa Baba alizikataa kitambo, vidole vyake ni vinene, anaandika herufi tatu kwa mpigo.

Kibaya zaidi, Mama alianza kumheshimu. Alikuwa akimwongelesha kwa sauti ya wageni waliokuja kumwona mgonjwa. "Baba, ungependa chai?" Ungependa! Mwanamke ambaye miaka yote alikuwa akisema chai iyo hapo, utakunywa au niwape kuku. Siku moja niliona kalamu ikiruka kupitia mlango wa sebule na kuanguka uwanjani, na hakuna aliyetoka kuiokota mpaka nilipoiokota mimi.

Nikakaa kibandani kwangu mchana kutwa nikiwa sina raha, nawajibu wateja ovyo, halafu nikakumbuka eSpeak. Hii ni programu ndogo ya kusoma maandishi kwa sauti. Vipofu wanaitumia sana. Ni ndogo kiasi kwamba hata ile laptopu kuukuu ya sebuleni isingeihisi, haihitaji bando, na inajua Kiswahili. Sauti yenyewe si nzuri, nisidanganye. Ni kavu, inapitia puani, na si ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Nilikuwa naidharau kwa sababu hiyo. Sasa nikaona hiyo ndiyo sifa yake: sauti isiyo ya mtu haiwezi kuwa ya maiti.

Niliiweka kutoka jikoni, nikaandika mistari michache ya amri ili chochote Baba atakachoandika, akibonyeza Enter, kisomwe. Nikaongeza njia ya pili: akibonyeza kitufe cha juu pembeni, kisomwe huku jikoni kwenye laptopu yangu, ili akitaka kitu asigonge meza. Nikamwambia Mama, "Mwambie aandike, abonyeze Enter." Ujumbe ulikuwa mfupi mno, hakupata pa kuurekebisha.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja kuhusu walimu wa enzi zake. Mitihani walikuwa wakiipiga wenyewe kwa taipureta. Vidole vile vinene vilivyoshindwa na simu vilishuka kwenye vitufe kama mvua ya mawe, na sebule ikasema, kwa pua, "Chai haina sukari."

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Chai haina sukari."

"Sukari iko mbele yako," Mama akasema, na sauti yake ya wageni ilikuwa imepotea. "Umekatwa koo, hukukatwa mikono."

Nilikaa chini kwenye kigoda nikacheka, na machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Lakini ilikuwa ni mwanzo tu, kwa sababu hawa wawili hawagombani kwa Kiswahili. Kiswahili ni cha kwangu na cha wageni. Mimi nimezaliwa Likuyani, majirani zetu walitoka kila upande, tukalelewa na Kiswahili. Kiluhya changu ni cha kuombea chumvi. Wao wakiwa wenyewe ni Kiluhya tupu. Baba alipojaribu kukiandika, mashine ilikisoma kwa kanuni za Kiswahili, kila neno limebanwa pasipobanwa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Inaongea kama padri mgeni aliyetua jana," akasema. Baba akaandika tena, mashine ikakosea vile vile. Mara ya tatu Mama hakucheka. Alikuja jikoni, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Hiyo kitu yako haisikii. Nimeiambia hawasemangi hivyo. Inarudia tu."

Hapo ndipo nikamfungulia. Ndani ya eSpeak kuna faili la kanuni za kusoma herufi, na faili la pili la maneno yanayokaidi kanuni hizo: neno upande huu, namna ya kulitamka upande ule. Ni maandishi matupu. Mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, alikaa akapanga jinsi ya kusoma Kiswahili, na alipomaliza hakufunga mlango. Nilimshukuru huyo mtu kwa moyo wangu wote, na bado namshukuru. Nikamwambia Mama, "Sema neno. Mimi naliandika. Tutaifundisha."

"Mimi ndiyo mwalimu?" akauliza.

"Wewe ndiye mwalimu."

Tulianza na chakula kwa sababu tulikuwa tunapika. Obusuma, yaani ugali. Ingokho, yaani kuku. Mama anasema, naandika, naunganisha faili upya, mashine inasema, Mama anatikisa kichwa. Tunarudia. Akiridhika anasema "eee" na kurudi kwenye sufuria. Kutoka chakula tukaenda kwenye mifugo, kutoka mifugo kwenye majirani, na kutoka majirani tukafika kwenye maneno ambayo Baba mwenyewe alikuwa akiyatuma jikoni kwa kile kitufe cha pembeni, maneno ya kumwambia mke mkaidi. Mama alinifundisha hayo pia, kwa makini sana, ili apate kutukanwa vizuri. Hata hivyo Baba akiwa na ujumbe kwangu, bado mashine ilisema, "Mwambie mke wa kijana alete ile chaja." Mashine yenyewe iko mbele yangu, lakini ananipitishia kwa mtu wa tatu.

Ilichukua jioni nyingi. Stima ilikuwa inapotea tukingoja na tochi. Lakini nyumba ilikuwa imeamka. Nikishuka kwenye pikipiki pale langoni nilikuwa nasikia pua ile ikilalamika na Mama akiijibu, na nilikuwa natembea polepole ili nisiwakatize.

Kisha jioni moja Baba aliandika kitu kirefu, Kiluhya kitupu, labda habari ya siku zake za ualimu. Mashine ikakisoma chote bila kukwama. Nilijipongeza. Lakini Baba akagonga vitufe tena, na mashine ikasema kwa Kiswahili, "Hii sauti imetoka wapi?"

"Mjini, kwa duka la mtoto wako," Mama akajibu.

"Hapana. Hii inaongea kama watu wa Mumias."

Nikamwona Mama akivuka uwanja, akaingia jikoni, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mtu mzima aliyechoka.

Mama aliolewa kutoka Mumias, kwenye miwa. Nilikuwa najua hilo, lakini sikujua lina uzito gani. Akaniambia. Alipokuja Shinyalu msichana mdogo, wanawake wa hapa walikuwa wakimcheka mtoni kila akifungua mdomo. Maneno mengine ya kwao si ya hapa, na hata yale yaliyo mamoja wao wanayavuta. Mumewe naye alikuwa akimwigiza mbele ya ndugu zake, wanacheka wote. Basi akaukunja ulimi wake, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaongea kama mtu aliyezaliwa hapa na watu wakasahau. Naye akasahau. Lakini alipokaa hapa jikoni kuifundisha mashine, hakuna wa kumcheka, kilichotoka kilikuwa lugha ya mama yake. Hakukisikia kikitoka. Na mimi wa Likuyani ningekisikiaje?

"Nimemharibia mwanaume sauti," akasema. "Ya kwanza Mungu alichukua. Ya pili nimeharibu mimi. Hiyo kazi yako inafutika?"

Nikamwambia inafutika. Nilikuwa nahifadhi kila hatua kwa programu iitwayo Git, ambayo inakumbuka kila badiliko na kukurudisha ulikotoka kwa amri moja. Baba ana kaka yake ng'ambo ya mto. Angekuja jioni chache, tungeanza upya kwa Kiluhya cha hapa hapa. "Muulize kama anataka hivyo," nikasema.

"Sitaki kumwona uso. Muulize wewe."

"Mimi, Mama?"

"Si una hiyo njia yako ya kuingia kwake?"

Sikuwa nimewahi kumwambia Baba jambo lolote ambalo halikupitia kwa mtu mwingine. Mwishowe nikaandika, na maneno yangu yakatokea kwenye skrini yake: "Baba, samahani. Ni mimi. Mama anaumia moyo kwa sababu sauti imekuwa ya kwao. Tunaweza kuifuta yote, tumwite kaka yako aifundishe upya. Unasemaje?"

Mama alirudi kwenye moto, akaanza kusonga obusuma akiwa ametupa mgongo. Mimi niliangalia laptopu. Nilimsikia Baba sebuleni akigonga vitufe, akaacha, akagonga tena. Kisha laptopu yangu ikafungua mdomo, kwa Kiswahili, nielewe.

"Mwanangu," ikasema.

Hakuwa amemwambia mtu aniambie.

"Mwanangu, usifute. Mama yenu ameishi hapa maisha yake yote akiongea kama sisi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Wacha sasa mimi niongee kama kwao."

Mama alisimama na mwiko mkononi mpaka obusuma ikaanza kushika chini na jikoni kukanuka. Sikuthubutu kumwambia. Halafu akaondoa sufuria motoni, akajifuta uso kwa leso, akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kuna neno bado hatujaweka," akasema. "Baba yangu alikuwa anamwitanga mama yangu hivyo, wakiwa wenyewe. Huyu hajawahi kuniita hivyo, hakulijua. Andika, alione kwenye skrini yake, alijue."

Akalisema mara moja, polepole, nami nikaliandika.